Ng'ombe Kumi na Mmoja wa Bibi Mwajuma

Jumamosi, mchana. Upepo.

Upepo wa mwezi huu hauna adabu. Umenipokea pale stendi ya Singida mjini, umenivua mtandio mbele ya wapiga debe, na sasa nipo kwenye kafe ya intaneti nafuta vumbi kwenye vitufe kabla ya kuanza kuandika. Nimenunua saa moja. Nikichelewa kumaliza nitakosa gari la kurudi Mtinko.

Wiki hii nimeaibika, nimeshangaa, halafu nimecheka, kwa mpangilio huo huo. Naandika leo kabla sijapata muda wa kujitetea.

Kwa anayefika hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa darasa la nne, mama wa Neema, na ni mmoja wa watu wanane wa kikundi cha huruma cha parokia yetu. Hatuna sare wala ofisi. Tunatembelea nyumba zilizoelemewa, tunapeleka kidogo tulicho nacho, na pale mtu anapohitaji wa kumsemea mbele ya wakubwa, tunakwenda kumsemea. Hatuulizi dini ya mtu. Majina yote humu nimeyabadilisha, isipokuwa la Neema, ambaye ndiye aliyenifungulia blogu hii alipokuja likizo na akanionya kwamba nikiianza nisiiache ife.

Kikundi chetu kina sheria chache na ya kwanza ni hii: hakuna kwenda nyumbani kwa mtu peke yako. Wawili wawili, kama Bwana alivyowatuma wanafunzi wake. Ndugu zangu, mimi sheria hiyo nimeifundisha kwa wanachama wapya zaidi ya mara tatu, nikiwa nimesimama wima na chaki mkononi.

Na mimi ndiye niliyeivunja.

Mwenzangu wa kutembea naye ni Mama Fausta, mkulima wa alizeti, Mnyaturu wa hapa hapa, mtu mzima kunizidi. Mimi nilizaliwa Itigi, kota za reli. Mifugo yetu ilikuwa kuku wanne na jogoo aliyewika kila treni ilipopiga honi. Ng'ombe nilimjua akiwa kwenye sahani. Nimeolewa Mtinko miaka kumi na tisa sasa, nasikia Kinyaturu cha sokoni na cha msibani, na nilikuwa nimeshajihesabu mwenyeji.

Mwezi wa tano Mtendaji wa kijiji aliomba watu wa kanisa na wa msikiti wamsaidie kutafuta wazee wasiojiweza, ili waandikiwe barua ya kutibiwa bure. Tangu hospitali zianze kutaka mchango wa mgonjwa, barua hiyo ndiyo mlango. Bila barua, mzee anafika dirishani na kuambiwa aanze na malipo, na hapo safari yake inaishia kwenye benchi. Kikundi kilinipa kazi ya kutunga fomu, kwa kuwa mimi ni mwalimu na napenda mistari. Nikaweka safu ya paa, safu ya godoro, safu ya chakula na safu ya mifugo. Chini nikaweka nafasi za saini mbili. Niliipenda sana fomu ile.

Siku ya kwenda kwa Bibi Mwajuma, Mama Fausta alikuwa msibani Ihanja. Mtendaji alitaka karatasi Jumatatu. Nikasema, kwani kuna nini, naenda kuandika tu.

Bibi Mwajuma ni mjane. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kushoto limeshafunga kabisa, la kulia linamwonyesha kivuli cha mtu bila sura yake. Alinipokea vizuri, akaitikia shikamoo yangu, akaniuliza mimi ni wa nani, akanipa kigoda. Ndani analalia ngozi. Chungu kilikuwa na uji wa mtama, na pembeni nusu kibuyu cha maziwa. Halafu nikatoka nje nikaliona zizi.

Ng'ombe kumi na mmoja. Niliwahesabu mara mbili, kama ninavyohesabu watoto mstarini asubuhi.

Nilimuuliza, "Bibi, hawa ng'ombe wote wanalala hapa?"

"Wanalala hapa," akajibu.

Nikaandika: ng'ombe 11. Nikasaini. Nafasi ya saini ya pili nikaiacha tupu. Na kwa kuwa hii ni shajara na nimeahidi kusema kweli, niseme na lile nililowaza njiani nikirudi. Niliwaza: bahili huyu. Ana mali yote ile na analalia ngozi.

Jumatatu wiki hii majina yalibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji. Tulipeleka kumi, yamerudi tisa. La Bibi Mwajuma limekatwa kwa kalamu na pembeni yake pameandikwa "ana mifugo." Madaktari wa macho wanakuja hospitali ya misheni Jumatatu ijayo, watakaa wiki moja na kuondoka, na hakuna anayejua watarudi lini. Ofisi ilikuwa inafunga orodha Ijumaa saa sita.

Nilimpelekea Mama Fausta nakala ya fomu shambani. Akajifuta mikono kwenye kanga, akaisoma taratibu, akaanza kucheka. Kisha akaacha.

"Mwalimu," akasema, "umemhesabia bibi wa watu ng'ombe wa watu."

Sikuelewa. Akaniketisha chini ya jua, kwenye marobota ya mabua, akanieleza kama ninavyoeleza hesabu za sehemu kwa mtoto mgumu. Huku kwetu, alisema, mwenye ng'ombe hawaweki wote kwenye zizi lake. Anaweka wawili kwa huyu, watatu kwa yule. Ugonjwa ukiingia boma moja, haumalizi wote. Mwizi akija, hapati wote. Na macho ya watu hayajui ana wangapi. Anayewatunza anakunywa maziwa, anapata samadi ya shamba, na akitunza vizuri kwa miaka, siku moja mwenyewe anampa ndama wake wa kuanzia. Lakini kuna jambo moja: mtunzaji hasemi ni wa nani. Akiwa na mdomo, hapewi tena. Bibi Mwajuma ana zizi kubwa kwa sababu kijiji kizima kinajua mdomo wake umefungwa.

Nikauliza maswali mengi. Vipi wakifa? Mwenyewe anaonyeshwa ngozi. Vipi wakizaa? Ni wa mwenyewe. Vipi mtunzaji akiugua? Hapo Mama Fausta akaokota kichwa cha alizeti na kuanza kukipukuchua.

Nilikuwa nimeona utajiri pale ambapo kila mtu wa hapa angeona kibarua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nasi tuliokulia kota za reli tulilala vitanda vya chuma.

Wazo langu la kwanza lilikuwa jepesi: kikundi kichange, Bibi atibiwe, yaishe. Mama Fausta akakataa. Alisema tukimlipia kimya kimya, karatasi itabaki ofisini inasema ni tajiri. Mwaka wa njaa mahindi ya msaada yakija, watafungua karatasi hiyo hiyo. "Wewe umemwandika," akasema, "wewe umwandukue." Sina hakika kama neno hilo lipo. Nilielewa.

Jumanne jioni, baada ya shule, tukaenda wawili. Nilipiga magoti nikamwomba Bibi Mwajuma radhi. Akasema amenisamehe, kisha akauliza kama watoto wangu hawajambo. Nikamwambia dawa ni moja tu: awataje wenye ng'ombe, tuwaombe waje ofisini waseme ni wao, jina lake lirudi.

Akatikisa kichwa.

"Nikiwataja watawaondoa," akasema. "Wakiondoka, nakunywa nini? Bila macho nimekaa miaka miwili, Mwalimu. Bila maziwa nitakaa siku ngapi?"

Najua kujibu watoto hamsini na nane kwa wakati mmoja, lakini pale nilikaa na fomu yangu mapajani kama mtu aliyebeba mwavuli kiangazi. Kama angenyamaza, angepofuka. Kama angesema, angelala njaa. Na mimi ndiye niliyemweka hapo, kwa kalamu ya buluu.

Ng'ombe walikuwa wanarudi. Bibi akasimama mlangoni mwa zizi na kuwapapasa mmoja mmoja wanapoingia, mgongo, pembe, sikio. Anawajua kwa mkono. Mimi, kwa udadisi wangu usiokoma, nikasogea kuwaangalia upya. Mara hii nilitaka kuwaona, maana mara ya kwanza niliwahesabu tu.

Na ndipo nikaiona kamba.

Jike moja jeusi lenye baka jeupe lilikuwa na kamba shingoni. Kamba ya nyuzi za magunia, imesukwa kwa nyuzi nne, na mwisho wake umefungwa kitambaa chekundu usije ukafumuka. Nikatazama mwingine. Kamba ile ile, kitambaa kile kile. Na mwingine. Watatu.

Kamba hiyo naijua. Naijua kama ninavyojua kikohozi cha mume wangu. Baba Neema ana duka hapa Mtinko, na tangu ushirika ufe na kila mwenye mizani aruhusiwe kununua alizeti, ananunua alizeti pia. Wateja wakipungua anakaa kwenye kiti chake cha kamba, anafumua magunia yaliyochanika na kusuka. Nyuzi nne. Mwisho kitambaa chekundu, vipande vya gauni langu la zamani. Miaka yote hiyo nilidhani anasuka za kufungia magunia. Sikuwahi kuuliza. Mimi, ninayeuliza watu wana magodoro mangapi.

Mama Fausta aliniona nikiishika ile kamba. Akaangalia upande mwingine, angani, kama anayetafuta mvua ya mwezi wa saba. Nikamwelewa. Alijua. Labda kijiji kizima kilijua.

Bibi Mwajuma naye aliusikia ukimya wangu. "Mwalimu," akasema polepole, "mimi sijakutajia mtu."

"Hujanitajia, Bibi," nikasema.

Jumatano saa sita nilikwenda dukani wakati wa mapumziko. Nilimkuta Baba Neema anakula muhogo wa kuchemsha. Nilikuwa nimejiandaa hotuba tangu alfajiri, nikaisahau yote. Nikauliza tu, "Kamba unazosuka ni za nini?"

Akatafuna mpaka akamaliza. Akanywa maji.

"Umetoka kwa Bibi Mwajuma," akasema.

Sikupiga kelele. Nilikuwa na hasira, lakini udadisi uliitangulia, na hilo nalo nalikiri hapa. Nilitaka kujua tangu lini. Akaniambia miaka minane. Alianza na mtamba mmoja. Nikamuuliza, na ile samli unayoleta kila Krismasi kutoka kwa mteja? Akakuna kidevu. Mteja ni Bibi Mwajuma. Miaka minane watoto wangu wamekula wali wa samli iliyopikwa na yule mama, na mimi nikamwandika tajiri.

Nikamuuliza kwa nini amfiche kila mtu. Akasema mali ya ng'ombe ikionekana inakwisha. Ndugu zake watatu kila mmoja ana shida yake, na shida ya ndugu haina mwisho, na yeye anataka Neema amalize chuo. Hilo nilielewa. Nikamuuliza kwa nini anifiche mimi.

Hapo akanitazama.

"Wewe unaandika kila kitu," akasema.

Nilirudi darasani nikafundisha methali. Ratiba ndiyo iliyosema hivyo, sikuichagua mimi. Mtoto mmoja wa mbele akanyoosha mkono na kusema: mali bila daftari hupotea bila habari. Darasa likampigia makofi. Mimi nikageukia ubao nikafuta mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Alhamisi hatukusemezana sana. Nilimwambia mara moja tu kwamba ofisi inafunga Ijumaa saa sita, na kwamba Bibi Mwajuma hatamtaja hata akipofuka. Akasema amesikia. Kusikia kwa Baba Neema kunaweza kuwa ndiyo, kunaweza kuwa hapana, kunaweza kuwa redio ipo juu.

Jana, Ijumaa, niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu. Tukamchukua Bibi Mwajuma, Mama Fausta akimshika mkono na mimi nikibeba fimbo yake bila sababu yoyote. Kamati ilikuwa imekaa: wazee wanne, mama mmoja, na Mtendaji, kijana aliyehamishiwa hapa mwaka jana kutoka mbali na asiyejua Kinyaturu hata cha salamu. Nikasimama. Nikasema fomu ile niliijaza peke yangu kinyume cha taratibu zetu, niliuliza swali baya, nikaandika kosa. Nikasema wale ng'ombe ni wa kutunza.

Mtendaji akauliza, "Kama si wake, ni wa nani?"

Bibi Mwajuma alikuwa ameketi amenyooka, uso ameuelekeza dirishani kwenye mwanga. Nikaangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano na nusu. Nilijua watatu kati yao ni wa nani, jina likanifika ulimini, na sikusema. Kama Bibi aliweza kunyamaza kwa gharama ile, mimi ni nani nimtaje mtu? Sijui kama nilifanya vema. Bado najiuliza.

Ndipo ikasikika breki ya baiskeli nje. Naijua, nayo.

Baba Neema aliingia amevua kofia, vumbi mpaka kwenye kope. "Shikamooni wazee," akasema. Wakaitikia. Akasimama karibu na mlango kama mtu anayetaka kuondoka mara moja.

"Pale kwa Bibi Mwajuma," akasema, "watatu ni wangu."

Nilitazama nyuso za wazee ili nione wanavyoshangaa. Hakuna aliyeshangaa. Mmoja alikuwa anatafuta kitu mfukoni, mwingine anaangalia kucha zake. Ofisi nzima ilikuwa na haya ya aina moja.

Kisha mzee wa pembeni, ambaye ndiye aliyesema jina la Bibi likatwe (Mtendaji alituambia mapema), akakohoa. "Na wawili ni wangu," akasema. "Yule mwekundu na mwanawe."

Nilishindwa kujizuia. Nikamuuliza, kwa heshima yote, kama alijua, kwa nini alikubali akatwe.

"Karatasi ilitoka kanisani, mwanangu, imeandikwa na mwalimu," akasema. "Ningeipinga, wangeniuliza nimejuaje."

Sentensi hiyo nimetembea nayo tangu jana. Tulikuwa wawili tuliomwangusha yule mama: mimi kwa kutojua, yeye kwa kujua.

Mtendaji akauliza habari ya sita waliobaki. Bibi Mwajuma akasema, "Ni wa mtu."

"Mtu gani, Bibi?"

"Ni wa mtu, mwanangu."

Mama wa kamati akamwambia Mtendaji kwamba hapo ndipo mwisho wa swali hilo. Nadhani yule kijana alianza kuelewa kwa nini huku watu hujibu polepole. Akaivuta fomu yangu, akakata ile 11, akaanza kuandika "hana mifugo."

"Ngoja," akasema Bibi Mwajuma. "Andika mmoja."

Mama Fausta aliyekuwa amemshika mkono akaufinya. Mtendaji mwenyewe alikuwa ametuambia barua ni kwa asiye na mifugo. Dakika ishirini zilikuwa zimebaki, kalamu ilikuwa tayari juu ya karatasi, na nilitaka kumziba yule mama mdomo kwa kiganja changu. Mdomo uliofungwa miaka yote, uje ufunguke hapo.

"Ndama," akaendelea. "Ana wiki tatu. Analala ndani, karibu na jiko, kwa sababu ya baridi hii. Nimepewa na Baba Neema. Wa watu nimewanyamazia. Huyu ni wangu, simfichi."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anasoma tangazo la chanjo ukutani kwa makini sana.

Mtendaji akauliza, "Mmoja tu, Bibi?"

"Mmoja. Jike," akasema, na sauti yake ilikuwa na maringo ambayo sijawahi kuyasikia kwa mtu yeyote ofisini humo. Katika chumba kilichojaa watu waliokuja kuungama ng'ombe zao shingo upande, aliyekuwa na kidogo kuliko wote ndiye pekee aliyetaka chake kiandikwe.

Mtendaji akawatazama wazee. Mzee wa wawili akasema, "Ndama si mifugo mpaka apite masika moja." Sijui kama hiyo ni mila ama aliitunga papo hapo, na sikuuliza. Kuuliza si ujinga, lakini kuna saa yake. Mtendaji akaandika: ndama 1, jike. Akapiga muhuri. Mama Fausta akachukua kalamu akasaini kwenye ile nafasi niliyoiacha tupu tangu mwezi wa tano.

Nilidhani habari imeishia hapo. Asubuhi hii, kabla sijapanda gari, Mama Fausta alipita kunieleza kwamba jua lilipochomoza mtu alifika kwa Bibi Mwajuma na fimbo, akawatoa wale sita. Hakugomba. Alimsalimia, akamshukuru kwa utunzaji, akaenda nao. Ng'ombe wanaosemwa ofisini hawana tena faida ya kufichwa pale. Wawili wa maziwa walikuwa katika wale sita.

Nimehisi vibaya kwa namna ambayo sijui kuiandika. Nikamuuliza Mama Fausta, Bibi amesema nini. Amesema, "Wameondoka na maziwa yao, macho yaliyobaki ni yangu." Kisha akamuuliza Jumatatu waondoke saa ngapi kwenda hospitali, na kama ndama atapata wa kumwangalia. Nimejitolea. Mwalimu wa kota za reli atajifunza kumshika ndama.

Kikundi kinakutana kesho baada ya Misa. Nitasema yote haya mbele yao nikiwa nimesimama, bila chaki. Nitaomba safu ya mifugo ibadilishwe. Sijajua iandikwe vipi. "Anakunywa maziwa ya nani?" Fomu gani inauliza hivyo? Na nyumba ngapi kati ya zile tisa nyingine nimeziandika vibaya kwa upande wa pili, nikaona zizi tupu la mtu ambaye ng'ombe wake wanalala kwa jirani?

Dakika zangu zinaisha. Niweke hili la mwisho.

Leo nikitoka nyumbani nilimkuta Baba Neema uani, hadharani, anasuka. Kamba fupi, nyembamba. Nikamuuliza ya nini, kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu bila kuwa na hasira. Akasema ya ndama wa Bibi. Nikamuuliza, na wale watatu wako, sasa ndugu zako wamesikia, utawahamisha? Akavuta uzi, akaukaza kwa meno. Akasema watabaki palepale.

Nikamwambia nitakwenda kuwahesabu.

"Usiende peke yako," akasema, akaendelea kusuka.